Amri ya jeshi haiwezi kuishi kwenye simu ya mtu, inahitaji masjala

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Chikongola, Mtwara. Naandika kujibu barua ya msomaji wenu mmoja ya wiki iliyopita, yule aliyesema jeshi letu linacheleweshwa na makaratasi, kwamba mafaili yatupwe, kila kikosi kiwe na grupu la WhatsApp, amri ikitoka juu dakika moja imeshafika chini, mana vita ya sasa ni spidi. Nimeisoma mara mbili na nimempa na mwanangu akaisoma. Kaandika kwa nia njema, na kuhusu kuchelewa anasema kweli kabisa. Ila pale aliposema mafaili yatupwe ndo nimeshindwa kunyamaza, mana mimi nimekaa masjala, yani chumba cha kupokelea barua na kutunzia mafaili, ya ofisi moja ya umma huku kusini miaka 31, 12 ya mwisho nikiwa masjala ya siri, na najua faili ni kitu gani.

Sijawahi kuvaa gwanda. Mambo ya ndani ya jeshi letu siyajui na hata ningeyajua nisingeyaandika gazetini, kwa hiyo mifano nitakayotoa ni ya majeshi ya wenzetu ambayo dunia nzima ilishaisoma.

Kwanza nieleze kazi yenyewe kwa wale ambao hawajaiona. Barua ikifika mlangoni unaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hapo hapo. Unaiandika kwenye rejista, imetoka kwa nani, inahusu nini, inakwenda jalada namba ngapi. Unaipa folio, yani namba yake ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu kulia, kama ya mwisho kwenye jalada ilikuwa 46 hii ni 47, na mtu akija kesho akikuta 46 halafu 48 anajua kuna karatasi limenyofolewa na anaanza kuuliza. Jalada likipelekwa kwa mkubwa, anayelipokea anasaini kwenye daftari. Ikiwa ni ya siri inakwenda kwenye bahasha mbili, ya ndani imegongwa SIRI na kuzibwa vizuri, ya nje ina anwani tu haina alama nyingine, ili aliyeibeba kwenye pikipiki asijue kabeba nini na wa njiani wasiitamani. Ukimwona karani anafanya yote hayo kwa barua ya ukurasa mmoja unaona usumbufu, lakini akimaliza ukimuuliza hii barua kaandika nani, kaisoma nani, sa hivi iko kwa nani na itateketezwa lini, anakujibu bila kukuna kichwa.

Sasa chukua ujumbe uliotumwa kwenye grupu uulize maswali hayo hayo. Kausoma nani? Watu 200 na ushee waliomo. Wote bado wako kazini? Haijulikani. Yule aliyehama mwaka juzi kuna mtu alimtoa? Admini mwenyewe kahama. Simu ni mali ya mtu, laini kasajili kwa kidole chake, bando kanunua kwa hela yake, akiibiwa kwenye basi la Masasi kilichoibiwa ni simu pamoja na kila amri iliyopita humo tangu aingie, na hakuna rejista popote itakayokwambia zilikuwa amri ngapi na zipi.

Mfano wa hilo umeshatokea kwa wakubwa wenye kila kitu. Machi 2025 viongozi wa usalama wa Marekani, akiwemo waziri wa ulinzi Pete Hegseth, walikuwa wanajadili kwenye grupu la Signal, programu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp, mashambulizi dhidi ya Wahouthi wa Yemen, mpaka na saa za ndege kuruka, na ndani ya grupu yumo mwandishi wa habari, Jeffrey Goldberg, mhariri wa The Atlantic, ambaye alikuwa ameongezwa kwa makosa na mshauri wa usalama wa taifa Mike Waltz. Watu wengi walishangaa hapo tu. Programu yenyewe inasifika kwa kufunga ujumbe usisomwe njiani, na kweli njiani haukusomwa, ulisomwa na mtu waliyemkaribisha wenyewe sebuleni. Lakini mimi kilichonistua zaidi ni kingine, kwamba baadhi ya ujumbe ule ulikuwa umewekewa muda wa kujifuta, mwingine wiki moja, mwingine wiki nne. Yani uamuzi wa kwenda kupiga mabomu nchi ya watu, halafu mwezi ujao hamna folio. Miaka ishirini mbele mtu akiuliza nani alisema ndiyo na nani alisita, atafungua jalada gani?

Jambo la anwani nalo linanigusa mana lilitutokea. Kuna mwaka barua ya Nanyamba tuliipeleka Nanyumbu, ni herufi mbili tu lakini kama unaijua ramani ya mkoa wetu unajua umbali wake, na ilikuwa na majina ya watu ndani. Ilirudi baada ya siku tisa, imefunguliwa. Kule Marekani barua pepe za jeshi zinaishia na .mil, na anwani za nchi ya Mali zinaishia na .ml, ukiruka herufi moja tu basi barua imeenda Bamako. Julai 2023 ikaandikwa kwamba kwa miaka mingi barua kibao zilikuwa zinaangukia huko, Mholanzi mmoja aliyekuwa na mkataba wa kuendesha anwani za Mali alikuwa akiwaonya, na ndani ya miezi michache tu ya mwaka ule alikusanya karibu 117,000. Moja ilikuwa na ratiba ya safari ya mkuu wa jeshi lao la nchi kavu kwenda Indonesia, pamoja na namba za vyumba vya hoteli. Hakuna adui aliyevunja mlango hapo, watu wamechoka, wanaandika haraka, kidole kinateleza. Na jeshi likiwa kubwa vidole ni vingi.

Uingereza ndo iliniuma zaidi kwa sababu ya waliokuwa kwenye hiyo orodha. Septemba 2021 Taliban wameshaichukua Kabul mwezi uliopita, Waafghanistan waliofanya kazi na jeshi la Uingereza wamejificha na watoto wao, wizara ya ulinzi ikawatumia barua pepe ya pamoja na aliyetuma akaziweka anwani zote wazi, kila aliyepokea akaziona za wenzake. Ukijumlisha na makosa kama hayo ya mwezi ule ule walikuwa 265, na mdhibiti wa taarifa wa Uingereza akaja kuipiga wizara faini ya pauni 350,000. Haukupita muda. Februari 2022 mtu mmoja akatuma jedwali la kompyuta akiamini lina mistari kama 150, kumbe kulikuwa na mingine imefichwa ndani, taarifa za karibu watu 19,000 walioomba kuhamia Uingereza wakiogopa kuuawa. Wizara yenyewe ilikuja kujua Agosti 2023 baada ya kipande chake kuonekana Facebook, mahakama ikazuia hata kulitaja, wananchi wao wakaambiwa Julai 2025.

Nililifikiria sana hilo jedwali. Jalada lenye majina 19,000 huwezi kulibeba ukadhani lina majina 150, mkono wenyewe unakwambia, ungehitaji toroli. Kwenye kompyuta kitu hakina uzito, orodha ya kijiji na orodha ya taifa zote ni kialama kimoja unakibonyeza na kinaondoka. Kwa hiyo uzito inabidi uwekwe na watu makusudi, mfumo ukusimamishe ukuambie hapa unatuma majina elfu kumi na tisa nje ya ofisi, mtu wa pili athibitishe kwanza. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwa mikono, barua ya siri haitoki mpaka wawili waisaini, na siyo kwamba hatukuaminiana.

Kuhusu flashi sitasema mengi, kila mtu anajua mwaka 2008 kirusi cha kompyuta kiliingia kwenye mitandao ya jeshi la Marekani kwa flashi moja iliyochomekwa kwenye kambi yao Mashariki ya Kati, wakapiga marufuku flashi na kukaa miezi kama 14 wakikisafisha. Na simu za askari wa kawaida nazo zina yake. Usiku wa mwaka mpya wa 2023 Waukraine walipiga jengo kwenye mji wa Makiivka, mashariki mwa Ukraine, lililojaa askari wa Urusi, Urusi wenyewe walikiri vifo 89 na wakasema sababu kubwa ilikuwa simu, vijana wanawapigia watu wao kuwatakia heri. Mwaka mmoja hivi na miezi michache baadae nilisikia watu hapa wakisema Warusi ni wazembe. Mimi sikuona uzembe, niliona watoto wa watu usiku wa sikukuu.

Kaka yangu alikwenda vita ya Kagera mwishoni mwa 1978. Barua yake ya kwanza ilitufikia miezi mitatu baadae, mama akawa ananipa nimsomee kila jioni, na humo ndani hakuna jina la mji, hakuna mto, hakuna mvua wala jua, imeandikwa ni mzima, amewasalimu wote, mbuzi wa mjomba amelipwa? Tuliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Leo kijana akifika tu anaweka stetasi, na simu yake hata asipoandika neno inamtaja alipo. Mwaka 2018 ilionekana ramani ya programu ya mazoezi ya Strava inaonyesha mistari ya watu wanaokimbia katikati ya jangwa, Syria, Afghanistan, kumbe ni askari wanazunguka kambi zao asubuhi na saa ya mkononi. Aliyeliona hilo ni mwanafunzi wa Australia, kijana wa miaka 20.

Sisi watu wa kusini tusidhani haya ni ya mbali au ni ya juzi. Novemba 1917, vita kuu ya kwanza ya dunia, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alikuwa anarudi nyuma kuelekea Ruvuma baada ya mapigano makubwa ya Mahiwa, hapo Lindi, mwezi wa Oktoba. Ujerumani ikamtumia puto kubwa la injini, Zeppelin L59, likaruka kutoka Jamboli kule Bulgaria limebeba karibu tani 15 za risasi, dawa na vifaa. Limefika anga ya Sudan, karibu na Khartoum, tarehe 23, redio ikaliambia rudi, Waingereza wameshachukua sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde na Kitangali iko mikononi mwao. Kitangali hii hii ya Newala. Puto likageuza, lilikaa angani saa 95 mfululizo bila kushusha hata bandeji moja. Mpaka leo wapo wanaobisha kwamba ule ujumbe ulitungwa na Waingereza, miaka zaidi ya 100 watu wanagombania ujumbe mmoja umetoka kwa nani. Na mwaka uliofuata huyo huyo Lettow-Vorbeck, akiwa Zambia ya leo, habari kwamba vita imeisha Ulaya aliipata tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya kusainiwa, kwa sababu askari wake walimkamata mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyebeba hiyo taarifa. Wapagazi wa kwetu walikuwa bado wana mizigo kichwani kwa vita ambayo haipo.

Sasa nirudi kwenye kuchelewa, mana hapo ndo yule msomaji ana hoja na mimi nina ushahidi wangu.

Vijana wetu walipokuwa Msumbiji na kikosi cha SADC, kile kilichoingia Julai 2021 na kumaliza kazi Julai 2024, jirani yangu alikuwa na mwanae huko. Jioni moja msimu wa korosho tumekaa barazani tunachambua, nzima huku, mbovu huku, simu yake ikalia. Kafowadiwa karatasi, lina nembo juu, lina majina tisa, eti ndo waliofariki. Jina la sita la mwanae. Korosho zilimwagika mkeka mzima. Nikaichukua ile simu nikaiangalia kwa macho ya kazi yangu, haina kumbukumbu namba, haina tarehe, haina sahihi wala cheo cha aliyeandika, na jina la babu wa yule kijana limekosewa. Nikamwambia dada, hii siyo barua, hii hajaandika mtu wa ofisi. Hakunisikia, na angenisikiaje. Tulipiga namba moja ya ofisi tuliyokuwa nayo, ikaita mpaka ikakata, tukapiga tena usiku na asubuhi. Watu wakaanza kuja na mikeka, wengine na sukari. Siku ya tatu mchana yule kijana akapiga mwenyewe, mzima, hana habari, anauliza kama korosho zimeshakwenda mnadani.

Namlaumu sana aliyetunga lile karatasi. Lakini pia nasema kweli yangu, kama ile namba ingepokelewa siku ya kwanza, na mtu akasema mama subiri, akafungua rejista, akasema mwanao yupo, uongo ule usingelala hata usiku mmoja. Taarifa sahihi ikikaa kimya ile ya uongo inajipangia nyumba.

Na ndani ya ofisi ni hivyo hivyo. Kuna kipindi masjala yetu tulibaki wawili, barua inakaa siku nne mezani haijafunguliwa jalada, basi maafisa wakaanza kubeba makaratasi mifukoni, wanapeana kwenye kantini, wengine wanapiga picha wanatumiana. Mwaka ule tulipoteza kumbukumbu nyingi kuliko miaka mingine yote niliyokaa pale. Waraka wa kukemea ulitoka mara tatu haukusaidia kitu. Tulipoongezewa watumishi watatu na barua ikawa inatoka siku hiyo hiyo, tabia ikafa yenyewe, hata hatukujua imekufa lini. Kwa hiyo afande anayetuma amri kwa WhatsApp mimi siwezi kumwita msaliti moja kwa moja, inawezekana mfumo rasmi unamtaka neno la siri kila baada ya dakika tano na mtandao kambini unakatika na mkubwa wake anataka jibu sasa hivi. Jeshi lolote kubwa likitaka watu waache njia ya panya itengeneze barabara inayopitika.

Ninachokiomba ni kwamba masjala ihamie kwenye kompyuta ikiwa nzima, na folio zake. Amri iwe ya elektroniki ndiyo, ifike kwa dakika moja ndiyo, lakini kwenye kifaa cha ofisi na mfumo wa ofisi, yenye namba, yenye jina la aliyetoa na saa aliyopokea kila mtu, mtu akihamishwa kituo mlango wake unafungwa siku anayokabidhi funguo za ofisi. Na isifutwe kwa saa ya programu, ifutwe kwa ratiba na mtu mwenye dhamana asaini. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inahesabu kumbukumbu kwa maana yake, iwe kwenye karatasi au kwenye mashine, kwa hiyo hakuna jipya ninalolitunga. Pia wapunguze kugonga SIRI kila kitu. Nimeona tangazo la usafi wa mazingira limegongwa SIRI, na siku ilipokuja ya siri kweli karani akaitupa kwenye trei moja na zile nyingine, mana jicho lake lilishazoea ule wino mwekundu.

Na watu wapo. Hapa hapa Mtwara tuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, vijana wanasomea utunzaji wa kumbukumbu, wakimaliza wengi nawaona wanauza vocha na chipsi Magomeni. Mafundi wa mitambo jeshi litawapata, lakini mafundi wa mitambo wanajua waya na kasi, nani aone nini na kikae miaka mingapi ni taaluma nyingine, na kwa maoni yangu kila kikosi kingekuwa na mmoja wa hawa amekaa karibu na mkubwa wake, siyo chumba cha nyuma karibu na stoo.

Mimi daftari moja la kusainia majalada bado ninalo, jipya, nililipewa siku naagwa kama kumbukumbu na halijaandikwa hata mstari. Kambi yoyote ya mkoa huu au Lindi ikitaka nije niwaoneshe vijana wa masjala jinsi ya kufungua rejista kabla hawajaihamishia kwenye kompyuta, nitakuja nalo. Macho bado yanaona vizuri na nauli nitajilipia.

Mstaafu wa masjala,
Chikongola, Mtwara